Ndai Inabugia Oili? Cheki Hizi Vitu Kabla Fundi Akuuzie Injini ya Ex-Japan

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA wakitangaza bei mpya ya petroli, Kenya nzima inanuna. Vichekesho vinajaa X, kila msee amekuwa mchumi. Lakini jaribu kuuliza huyo msee ni lini mara ya mwisho alichomoa dipstiki akaangalia oili ya injini. Atakuangalia kama umemwitisha PIN ya M-Pesa.

Na hapo ndio noma huanzia. Gari inabugia oili mos mos, robo lita wiki hii, robo lita ile ingine, na dere hana habari. Siku moja ako Thika Road jioni, taa nyekundu yenye picha ya kibuyu inawaka kwa dashibodi. Anajiambia, "Wacha nifike Githurai nitaongeza." Kabla ya Roysambu injini imeanza kugonga kama mtu anapigia ng'ombe sufuria. Akiitisha fundi, jibu ni moja tu: "Boss, hii imeenda. Tutafute injini ingine."

Sasa fikiria hiyo gari ni ya kazi ya app na bado inalipiwa loan. Wiki mbili hakuna doo inaingia, ya benki haingoji, na injini inataka ganji mob. Ndio maana hii stori ya oili si ya mafundi peke yao.

Tuanze na hiyo taa nyekundu, juu wengi huielewa vibaya. Haisemi oili imepungua. Inasema presha ya oili imeanguka, yaani zile vyuma za ndani ziko karibu kusuguana zikiwa kavu. Ikiwaka ukiendesha, toka kando ya barabara na uzime injini hapo hapo. Si petrol station inayofuata, si kwa fundi wako wa Ruiru. Hapo hapo. Kuna gari mpya mpya ziko na taa ya manjano ya kuonyesha oili ikishuka, lakini ndai nyingi tunazoendesha hapa hazina. Kwa hizo, kitu pekee cha kukuambia oili imepungua ni dipstiki na macho yako.

Kwanza pima, bana

Injini yoyote ya petroli hula oili kidogo. Pistoni ikipanda na kushuka, inaacha utando mwembamba wa oili kwa kuta za silinda, na kiasi fulani lazima kiungue. Swali ni ngapi.

Volkswagen wameandika kwa vitabu vya gari zao kwamba mpaka nusu lita kwa kilomita 1,000 inaweza kuwa kawaida. Toyota ya Marekani ilikuwa inahesabu shida kuanzia karibu lita moja kwa kilomita 2,000 hivi. Mimi naona hizo hesabu zinampendelea aliyetengeneza gari kuliko aliyeinunua. Kama unafanya sevisi kila kilomita 5,000 na unalazimika kuongeza lita nzima kabla ifike, anza kutafuta sababu. Kama ni lita kwa kilomita 1,000, hiyo si kutafuta tena, hiyo ni kushughulikia.

Lakini usiseme "inakula sana" kwa hisia. Pima hivi: asubuhi kabla hujawasha, gari ikiwa mahali pa tambarare, chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe, chomoa tena. Ongeza oili mpaka ifike alama ya juu, isipite. Piga picha ya dipstiki na picha ya kilomita kwa dashibodi. Ukifika kilomita 1,000, rudia mahali hapo hapo, saa hiyo hiyo. Kwa gari nyingi ndogo, kutoka alama ya juu mpaka ya chini ni kitu kama lita moja, so ikishuka nusu unajua umepoteza nusu lita hivi. Hizo picha mbili zitakusaidia kuliko maneno yote utakayomwambia fundi. Hata atakuheshimu.

Halafu kuna hii makosa ya kuchekesha. Injini ya Vitz ya 1000cc inataka kitu kama lita tatu. Mtungi unauzwa lita nne. Fundi wa mtaa anamwaga wote ndani, "isiharibike." Sasa oili imepita alama, krankshafti inaichapa kama mayai mpaka inatoa povu, na ile ya ziada inasukumwa juu mpaka inaingia kwa njia ya hewa na kuungua. Moshi unatoka, msee anaambiwa ringi zimekufa, na kumbe dawa ilikuwa kupunguza oili iliyozidi. Kama moshi ulianza baada tu ya sevisi, angalia hii kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Inavuja ama inaungua?

Oili iko na njia mbili tu za kutoroka: nje ama ndani ya moto. Ya nje ndio rahisi kuona na rahisi kutibu. Weka kartoni safi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi angalia kama kuna madoa. Lakini kuna vile inavuja tu ikiwa moto, inadondokea ekzosi na kuungua bila kuacha doa chini, na wewe unasikia tu harufu ya kuchomeka ukisimama kwa jam. Gasketi ya tapeti kava ni mshukiwa wa kwanza, hiyo hukauka na kuwa ngumu kama plastiki. Halafu sili ya krankshafti, bolti ya sampu ambayo washa yake haibadilishwi, na filta ya oili iliyofungwa vibaya. Osha injini, endesha siku mbili, kisha angalia ni wapi palipolowa. Usikubali mtu akuambie "inavuja kila mahali." Oili hushuka na hupeperushwa nyuma na upepo, so mahali palipolowa juu kabisa na mbele kabisa ndipo penye shida.

Kama nje kumekauka kabisa na dipstiki bado inashuka, basi inaungua.

Hapa ndio kuna kifaa kidogo ambacho wasee wengi hawajawahi kusikia: vali ya PCV. Injini ikifanya kazi, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia kule chini kwenye oili. Hiyo gesi lazima itolewe, na PCV ndio mlango wake. Huirudisha kwa njia ya hewa ikaungue tena. Vali ikijaa uchafu na kuziba, presha inajaa ndani, inasukuma oili kupitia sili na gasketi. Ikikwama ikiwa wazi, injini inafyonza mvuke wa oili kama mtu na mrija wa soda. Zote mbili zinaonekana kama injini imezeeka. Na hii vali, kwa gari nyingi za Japan, ni kati ya vipuri vya bei nafuu kabisa kwa injini nzima, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Kwa nyingi unaichomoa na kuitikisa: ikilia kachakacha iko hai, ikinyamaza imekwama. Kwa gari za Ulaya kama VW, Audi na BMW, mara nyingi imejengwa ndani ya kava kubwa ya juu, so bei inapanda, lakini bado haifiki hata karibu na bei ya injini.

Fundi akikurukia na neno "overhaul" kabla hajashika PCV, huyo anataka doo yako, hataki shida yako iishe.

Moshi unaongea

Moshi wa bluu ndio wa oili. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mzito unaokataa kuisha hata injini ikipata moto, na maji ya radieta yanapungua, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, stori ingine kabisa. Ule mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi Limuru usikutishe, huo ni maji tu.

Sasa bluu. Muhimu si kwamba unatoka, muhimu ni unatoka saa ngapi. Mwambie beste yako aendeshe, wewe ufuate nyuma na gari ingine ama nduthi, juu ukiwa ndani huwezi kuona kitu.

Ukitoka puu moja asubuhi ukiwasha, halafu unaisha, hizo ni sili za vali. Ni vimpira vidogo vinavyokaa juu ya vali kuzuia oili isishuke ndani ya silinda. Vikizeeka vinakauka, na gari ikilala usiku oili inadondoka pole pole ndani. Unaweza kuzithibitisha kwenye mteremko. Ukishuka Mai Mahiu kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, injini inafyonza kwa nguvu sana. Ukifika chini ukanyage, kama wingu la bluu linatoka nyuma, sili ndio hizo.

Ukitoka ukikanyaga, hasa ukipanda mlima ama ukiovateki, na unazidi vile unavyozidisha mwendo, macho yaende kwa ringi za pistoni.

Tofauti ya hizi mbili ni tofauti ya mfuko wako. Sili za vali, kwa gari nyingi, zinaweza kubadilishwa bila kung'oa silinda hedi: fundi anajaza hewa ya kompresa kwa silinda kushikilia vali isianguke, anatoa springi, anatoa sili, anaweka mpya. Si kila fundi anaweza, lakini wako. Ringi zinataka injini ifunguliwe.

So usikisie, itisha kipimo cha kompresheni. Fundi anatoa plagi, anaweka geji, anawasha stata. Silinda moja ikisoma chini, anaongeza kijiko cha oili kwa ile shimo ya plagi na kupima tena. Ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi kwa muda, so ringi ama kuta za silinda zimeisha. Isipopanda, shida iko juu kwa vali. Ni kazi ya lisaa limoja, na fundi asiyekuwa na hiyo geji hana biashara ya kukwambia injini imekufa. Akitoa plagi muombe uzione pia. Plagi iliyolowa oili ama yenye ukoko mweusi wa kumetameta inakuonyesha ni silinda gani inakula.

Kuna mtego mmoja hapa. Ringi ya tatu ya pistoni, ile ya chini, kazi yake ni kukwangua oili tu. Inaweza kukwama na masizi huku zile mbili za juu ziko sawa. Kompresheni itasoma poa kabisa na gari bado inakunywa oili. Ukikuta hivyo, na PCV ni nzima na sili ni nzima, hiyo ndio shida yako.

Kwa nini ringi hukwama Nairobi

Hapa naomba mniskize vizuri. Dashibodi huhesabu kilomita, haihesabu masaa. Gari inayotoka Rongai mpaka tao asubuhi inaweza kukaa masaa mawili kwa jam na kuandikisha kilomita 20 tu. Injini ilikuwa inachemka hayo masaa yote. Kitabu kikisema badilisha oili kila kilomita 10,000, kiliandikiwa mtu wa barabara huru, na vitabu vingi vina ukurasa mwingine wa matumizi magumu unaokata hiyo hesabu. Jam yetu ni matumizi magumu. Oili ikikaa sana inazeeka, inageuka utomvu, na vile vishimo vidogo kwa pistoni vya kurudisha oili chini vinaziba.

Vumbi nayo inafanya yake. Ukikaa Kamulu, Kitengela ama Ruai ndani ndani, filta ya hewa inajaa haraka. Badala ya kununua mpya, wengi huipuliza na kompresa pale kwa kuosha gari. Presha inatoboa karatasi vitundu ambavyo huoni, na vumbi inaingia kwa silinda kama msasa. Hapo kuta zinachubuka, na hakuna dawa ya chupa itakayozirudisha.

Na kuna injini ambazo si kosa lako hata kidogo. Zilitoka kiwandani hivyo. Toyota 2AZ-FE, ile ya 2.4 inayopatikana kwa Harrier, RAV4, Ipsum, Estima na Alphard za miaka fulani, ilijulikana sana. Mwaka 2011 Toyota ya Marekani iliwaandikia mafundi wake utaratibu wa kuirekebisha: pistoni na ringi mpya zenye muundo tofauti. Kabla yake 1ZZ-FE ya 1.8, ile utaikuta kwa Toyota Wish za kwanza, ilikuwa na shida ya vishimo vya oili kwa pistoni za miaka ya mwanzo. Subaru FB za kwanza kwanza, za Forester, Impreza na XV, zilimpeleka Subaru kortini Marekani, na mwaka 2016 kesi ikaisha kwa kampuni kuongeza waranti ya hizo gari. Audi A4 na VW za 1.8 na 2.0 TSI za 2008 hadi 2011 hivi zilikuwa na ringi nyembamba sana za oili. Na Golf ya 1.4 TSI yenye turbo na supachaja pamoja, ile vijana wa mtaa wanapenda, pistoni zake zina tabia ya kuvunjika pale ringi zinakaa.

Sisi huletewa hizo gari zikiwa na mpaka miaka minane, waranti iliisha zamani. Kwa hivyo ukifungua mojawapo ya hizo injini na kuweka ringi mpya kwa pistoni zile za zamani, umelipa overhaul ya miezi michache. Itisha pistoni za muundo mpya, ama usifungue.

Zenye turbo zina mlango mwingine wa oili. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili. Sili zake zikiisha, oili inaingia kwa hewa ama kwa ekzosi. Toa paipu ya hewa inayotoka kwa turbo uangalie: unyevu kidogo ni kawaida, oili ya kumwagika si kawaida. Shika shafti kwa vidole, ikicheza kando kando mpaka bleti ziguse nyumba yake, imeenda. Na wale wa Subaru wa kuzima injini moto moto baada ya kukimbizana Southern Bypass, mpeni turbo dakika moja apoe.

Dawa ya chupa na oili nzito

Najua kuna msee ashasema hapo, "Si uweke tu 20W-50 na ile dawa nzito kama asali?" Inafanya kazi, kwa maana kwamba moshi unapungua. Oili nzito inapita kwa mapengo polepole. Lakini kama injini ilitengenezewa 0W-20 ama 5W-30, njia zake za ndani ni nyembamba, na oili nzito inachelewa kufika juu ukiwasha asubuhi. Pia zile injini za VVT-i hutumia presha ya oili kupanga vali, so gari inakuwa nzito na kuonyesha taa ya injini. Kupanda ngazi moja, ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu, ni sawa kwa injini ya kilomita nyingi. Kuruka mpaka 20W-50 ni kuficha.

Na kuficha ndio vile huuziwa wengi. Ukienda kuona gari ya mkono, weka mkono kwa boneti kabla iwashwe. Ikiwa moto, mwenyewe ashaipasha ule moshi wa asubuhi utoke kabla ufike. Mwambie utarudi kesho saa moja asubuhi, na asiiguse. Pitisha kidole ndani ya ekzosi: masizi makavu ni poa, utelezi mweusi wa mafuta ni oili.

Dawa za kusafisha ringi ni kitu kingine. Kama ringi zimekwama na masizi, kuna za kumwaga ndani ya silinda kupitia shimo la plagi, zinalala usiku, zinafyonzwa, oili inabadilishwa. Wakati mwingine zinasaidia, hasa ukifuatisha na oili nzuri inayobadilishwa mapema mara mbili tatu. Kwa kuta zilizochubuka hazifanyi lolote. Jaribu kabla ya kufungua injini, usijaribu mara tano.

Oili yenyewe nunua mahali unajua. Mitungi ya kujazwa tena iko mob. Angalia sili ya kifuniko, na ile alama ya KEBS ina nambari ya kibali chini yake. Tuma SM# na hiyo nambari kwa 20023 uone kama jina linalorudi ndilo lililoandikwa kwa mtungi.

Ukifika kwa kubadilisha injini kweli

Kuna siku itabidi. Injini imegonga, ama kuta zimeisha na mashini shop imepima na kusema haichongeki tena. Hapo linganisha kujenga yako na kununua ex-Japan kule Kirinyaga Road. Hiyo ya Kirinyaga Road nayo ni injini ya mkono, hakuna anayejua ilikula oili ngapi Osaka. Itisha ipimwe kompresheni kabla ilipiwe, fungua kifuniko cha oili uangalie ndani kama kuna utomvu mweusi, na mkubaliane kwa maandishi siku ngapi unaweza kuirudisha. Badilisha sili zake za vali na PCV ikiwa bado iko chini, juu ikishaingia kwa gari kazi hiyo ni mara mbili.

Na usisahau nambari ya injini imeandikwa kwa logbook. Chukua risiti na karatasi za kuingiza hiyo injini nchini kutoka kwa muuzaji, upeleke mabadiliko NTSA gari ikaguliwe. Ukikosa, siku utakapotaka kuuza ndai ama polisi akiinua boneti, itakuwa unaeleza injini imetoka wapi ukiwa umesimama kando ya barabara.